Kamba ya Chumbani kwa Mama

4 Machi

Mdogo wangu Kimulimuli,

Sisi huku tunaamka, tunasali, tunakwenda kazini na tunarudi, kwa hiyo Mungu bado anatutazama. Shemeji yako mgongo umemrudia. Analala sakafuni kama mkeka na kunilaumu mimi, utadhani ndimi niliyembebesha mifuko ya saruji. Sare za shule zimejaa mpaka chini ya meza ya kulia. Cherehani imeanza kuruka mishono na mimi nimeanza kuruka milo. Mama mdogo, yule tuliyekwenda kumwuguza wewe ukabaki na nyumba, ameanza kugombana na majirani zake. Hapo ndipo tukajua amepona kweli.

Sasa nikuambie kilichonikalisha chini na kalamu.

Njoo uchukue rafu yako. Njoo na bisibisi yako na mdomo wako mtamu, ung'oe kila ulichopigilia kwenye chumba cha mama ukakipigilie kwako. Mama ameanguka. Asubuhi ile uliyoondoka, siku moja tu baada ya sisi kurudi, basi lako halijafika hata barabara kuu, aliamka akaenda kukaa kwenye kiti chake asali kama kila siku. Akakaa. Kiti hakipo. Wewe ulikisukumia nyuma ya mlango kwa sababu "kinakula nafasi." Mama yetu alikalia hewa, mdogo wangu, akaangukia mkono. Umevunjika kifundoni na umefungwa plasta mpaka karibu na kiwiko.

Nani alikutuma? Tumeondoka siku chache tu, tumerudi tunakuta kitanda kimehamia chini ya dirisha, kabati limegeuzwa, ukuta umepakwa buluu, kioo kikubwa kinatukodolea macho. Najua kazi yako ni kupanga vyumba vya mfano kwenye duka la fanicha, watu wapite, waone kitanda na taa na mto, watamani kununua. Sawa. Lakini kwenye vile vitanda vyenu hakuna anayelala. Hapa analala mtu.

Kitanda nimekirudisha. Kiti nimekirudisha. Mama hataki kushuka kitandani. Tunamshika mkono kwenda bafuni, tunamshika mkono kurudi, na unajua mama alivyo: anachukia kushikwa kuliko anavyochukia ugonjwa.

Usipige simu kuhusu jambo hili. Ukuta kati ya chumba cha mama na sebule ni wa mbao, akisikia nakutaja tu anatega sikio. Andika. Barua ni salama.

Mungu akupe akili, maana mikono alikwisha kukupa.

Dada yako


19 Machi

Dada, shikamoo.

Nimefurahi mama mdogo amepona. Mpe pole shemeji, mwambie asilale sakafuni, godoro gumu linatosha. Mimi ni mzima. Dukani wameniongezea upande mzima wa vyumba vidogo, kwa sababu siku hizi kila mtu anaishi kwenye kijichumba na kila mtu anataka kionekane ukumbi. Najifunza kusali kabla ya kusoma barua zako, maana hii ya juzi nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena.

Habari ya mkono wa mama imenikata. Nimelia nao. Lakini usinitwishe mimi peke yangu, dada, nisikilize.

Unajua nilikuta nini kwenye kile chumba? Kiti kimesimama katikati, mgongo umeelekea dirishani, eti mtu akae aangalie ukuta! Kipande cha zulia kuukuu mbele ya kabati, kimewekwa upande wa nyuma juu, ule unaokwaruza. Vishikio vya droo vimefungwa vitambaa, kingine kimoja, kingine viwili, kama kichwa cha mtoto aliyesukwa na mtoto mwenzake. Na ile kamba! Kamba chafu, nyeusi kwa mikono, imefungwa kwenye mguu wa kitanda, ikazungushwa kwenye msumari pembeni mwa kabati, ikaenda mpaka bawaba ya mlango. Kamba ya nguo chumbani, na haijaanikwa hata leso! Nilijikwaa nayo mimi mwenyewe siku ya kwanza. Nikajiuliza, dada yangu anashona sare za shule nzima, mama yake anamlaza stoo?

Basi nikafanya ninachojua. Chumba kidogo hakitaki kitu katikati. Unasukuma kila kitu ukutani, unapandisha vitu juu kwenye rafu, unapaka rangi nyepesi, unaweka kioo mkabala na dirisha nuru iingie mara mbili. Nimetumia likizo yangu yote. Nilikwangua ukuta mpaka kucha zikaisha. Na mama aliporudi, alisimama mlangoni, akanishika uso kwa mikono yote miwili, akasema, "Pazuri sana, mwanangu." Wewe ulikuwa nyuma yake umenuna. Hukusema neno. Kama kulikuwa na ubaya, mdomo wako ulikuwa umeenda wapi?

Nikuambie ninachokiona mimi kutoka huku mbali? Wivu. Miaka yote upo naye, hujawahi kumpakia hata ukuta mmoja.

Na hizi barua za nini? Mama husoma kila karatasi inayoingia nyumbani, hata ile ya kufungia sabuni. Akiikuta hii je?

Mdogo wako


2 Aprili

Kimulimuli,

Salamu zako zimefika, shemeji yako anasema godoro gumu ukamletee wewe. Tunasali salama. Nimemaliza sare za darasa la kwanza, zimebaki za wakubwa. Plasta ya mama bado.

Nimeishika barua yako siku nyingi nikiomba Mungu anipunguzie ulimi. Hakunipunguzia, kwa hiyo pokea kama ilivyo.

Mama haoni.

Soma tena, nitakusubiri. Mama haoni. Si kwamba haoni vizuri. Haoni mlango, haoni mkono wake mwenyewe, haoni mchana. Ni presha ya macho. Ilianza kumla pembeni pembeni, tukidhani ni uzee, tukamnunulia miwani. Tulipofika kwa daktari wa macho akasema kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kikaenda vilevile. Kwa hiyo usiogope, barua yako hatoikuta. Naweza kuiacha wazi juu ya mapaja yake.

Ile kamba chafu ilikuwa barabara yake. Ilikuwa nyeusi kwa sababu alipita nayo kila siku, peke yake, bila kumwita mtu. Lile zulia linalokwaruza lilikuwa linaambia miguu yake kwamba kabati liko hapa. Vitambaa vilimwambia droo ya kanga na droo ya nguo za ndani. Kiti kiliangalia ukuta kwa sababu mtu asiyeona hana haja ya dirisha, ana haja ya kiti kisichomkimbia. Chumba kile alikipanga mwenyewe, kidogo kidogo, nuru inavyopungua na yeye anaongeza kitu. Ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kujivunia. Anaingia, anatoka, anavaa, anasali, bila kuomba. Wewe ukakikata kwa kisu cha jikoni, ukakipaka buluu.

Unauliza mdomo wangu ulikuwa umeenda wapi? Ulikuwa umefungwa. Mama aliniapisha mbele ya Mungu. Alisema, "Kimulimuli akijua atanichukua. Atanipandisha kwenye gorofa lake, aniweke kitandani kama ile mito yao ya maonyesho." Pale mlangoni, wewe ukipiga makofi, mama alikuwa ameshika mkono wangu kwa nyuma, anaufinya mpaka nikaona nyota. Aliponiachia akakushika uso, kwa sababu ndivyo anavyokuona siku hizi. Ukamvuta ukamsimamisha mbele ya kioo, ukamwambia, "Jione ulivyopendeza!" Akatabasamu. Alilitabasamia kabati, Kimulimuli. Kioo kilikuwa upande wa pili.

Na unaniambia mimi wivu.

Leo nimekivunja kiapo, nitajibu mwenyewe kwa Mungu. Usije. Sitaki kukuona na mama hana haja ya kujua kwamba unajua.

Dada yako


26 Mei

Dada,

Salamu. Hapa ni wazima. Mvua imeingia dukani, imeharibu vyumba viwili vya mfano, tumehamisha vitanda kwa mabega.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza nilikuwa naandika maneno ambayo mtu anayesali hapaswi kuyaandika. Nimeyachana mengi. Haya yaliyobaki ndiyo mapole.

Mmenifanya mjinga. Wewe na mama, mmekaa mkanifanya mjinga! Nimekuwa nikituma kadi zenye maua, wewe unajibu, "Mama amezipenda sana." Nimetuma picha ya chumba changu cha mfano kilichosifiwa na meneja, ukaandika, "Mama amesema pazia ndilo zuri zaidi." Uliitunga hiyo sentensi peke yako au mlikaa kikao? Ulikuwa unacheka? Mimi hapa nimeibandika barua yako ukutani, nimeisoma kila asubuhi nikienda kazini, mama yangu amelipenda pazia langu.

Siombi msamaha kwa kitu nilichofichwa. Umeacha mtu aingie gizani na shoka kisha unamlaani kwa kukata. Ungesema, "Usiguse chumba cha mama." Maneno manne. Kiapo gani kinakataza maneno manne?

Juzi niliingia kwenye chumba cha mfano kabla wateja hawajafika, nikafumba macho, nikajaribu kutoka kitandani kwenda mlangoni. Chumba nilichokipanga mwenyewe! Nikaangusha taa. Meneja akaja mbio. "We dada, umeanza kulewa kazini?" Nikamwambia nasali. Mungu anisamehe, haikuwa uongo mtupu.

Na mama alisema kweli: ningemchukua. Bado nitamchukua. Nina kijichumba hapa nilichokuwa naweka maboksi, nimekitoa vitu vyote, nimekipima, kitanda kinakaa, bafu liko hatua chache tu. Nikipata ruhusa kazini nakuja, narudi naye. Wewe umekuwa naye peke yako vya kutosha, na siri zenu.

Mdogo wako


9 Juni

Mdogo wangu,

Sisi wazima, isipokuwa mmoja.

Plasta imetolewa. Mkono umepona, umenyooka, unashika. Nilifikiri sasa atashuka. Hakushuka. Muuguzi wa nyumba ya jirani, yule mnene anayecheka kwa sauti, alikuja kumwangalia na safari hii hakucheka. Alinivuta nje. "Dada, mkono wake si tatizo tena. Tatizo miguu. Akiendelea kulala hivi, mtakuja kumtaka atembee na hataweza. Mwamsheni sasa."

Tunamwamsha vipi? Nimefunga kamba mpya, safi, nimeinunua dukani. Nimerudisha kila kitu kama kilivyokuwa, au nilidhani. Akashuka, akashika kamba, akaenda kidogo, akanyoosha mkono. Hewa. Akanyoosha tena. Hewa. Akaniambia, "Si hapo." Nikasogeza kiti. "Si hapo." Shemeji yako na mgongo wake akasogeza kabati, akasogeza kitanda, kiti kikazunguka chumba kizima kama mgeni asiyejua akae wapi. "Si hapo. Si hapo. Si hapo!" Mwisho mama akapiga ukuta kwa kiganja, akarudi kitandani akitambaa. Mama yetu, akitambaa, na mimi nimesimama naangalia. Akageukia ukuta akasema, "Basi. Mwambieni Kimulimuli anichukue. Huku na huko sasa ni sawa."

Umesikia? Unalolitaka liko karibu. Njoo umchukue akiwa amelala.

Au nisaidie. Naandika neno hili nimeuma meno. Kile chumba nimekiingia kila siku, kufagia, kubadilisha shuka, na sijui kiti cha mama yangu kilikuwa kimekaa wapi. Nilikiona kila siku, kwa hiyo sikukiona. Wewe ulikaa nacho likizo moja, ukakivunja kipande kwa kipande. Mtu aliyekivunja peke yake ndiye anayekijua. Niambie.

Sijakusamehe. Hiyo ni habari nyingine, usizichanganye.

Dada yako


20 Juni

Dada, shikamoo.

Sina salamu ndefu. Sijalala vizuri tangu barua yako.

Fanya hivi. Kwanza usitazame, pangusa sakafu kwa kiganja. Saruji ya chumba kile ni laini, kiti kimesimama pale mwaka hata mwaka, miguu yake imechimba vijishimo. Nilivipaka nta vipotee. Vikwangue utavipata. Kiti kirudi humo humo, mgongo dirishani.

Msumari wa pembeni mwa kabati niliung'oa nikaziba tundu. Liko chini ya rangi, usawa wa nyonga ya mama, si nyonga yako. Bonyeza kwa kidole gumba, utasikia pametepeta.

Zulia liko kwenye boksi nililoliweka juu ya rafu, upande unaokwaruza uwe juu. Droo ya kanga kitambaa kimoja, ya nguo za ndani viwili, ya chini haikuwa na kitu. Kikombe cha maji kilikuwa kwenye ukingo wa dirisha, kishikio chake kimeelekea kitandani. Nilikigeuza kiangalie nje kwa sababu kilipendeza zaidi hivyo.

Haya yote hayatatosha bila hii iliyomo kwenye bahasha. Ni ile kamba. Sikuitupa. Siku ya kuondoka nilifungia boksi langu la vifaa, na toka hapo ilikuwa imeviringishwa chini ya kitanda changu. Uliposema umefunga kamba mpya, nikaitoa nikaikagua. Ipitishe mkononi umefumba macho. Ina mafundo, dada. Dogo, hapo unanyoosha mkono wa kulia unakuta kabati. Mawili yaliyobanana, geuka ukae. Kubwa, simama, mlango uko mbele ya pua. Kamba yako safi ilikuwa haisemi kitu.

Nimeshinda na hii kamba siku mbili kabla ya kuipeleka posta. Kweli nilifikiri kutoipeleka. Kijichumba changu kilikuwa tayari, nilikuwa nimeshatandika. Halafu nikashika yale mafundo mawili ya kiti, yamelainika kama sikio la mtoto, nikaona mama anaketi peke yake, kila siku, nami sijui. Nimerudisha maboksi yangu kule chumbani.

Hasira yangu iko palepale ilipokuwa. Usiisogeze.

Mdogo wako


11 Julai

Mdogo wangu Kimulimuli,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na safari hii sote ni sote.

Kamba ilifika. Sikumwambia mama. Shemeji yako alitafuta tundu la msumari kwa kidole gumba, akabonyeza ukuta mzima kama anayeutekenya, akalipata, akaruka na mgongo wake akasahau kuumwa. Mimi nilikuwa magotini nakwangua nta na kukutukana kimya kimya. Vijishimo vya kiti vilikuwepo. Miguu iliingia tukasikia kiti kinatulia.

Nikaweka kamba kwenye kiganja cha mama. Akaipapasa. Akaivuta kidogo. Uso wake sijui nikueleze vipi, ulikuwa kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Akashuka. Miguu inatetemeka, akanifukuza kwa kiwiko nilipotaka kumshika. Akafika kwenye fundo la kabati, akalipiga kabati kofi moja, "Upo!" Akaendelea. Mafundo mawili. Akageuka akakaa, bila kupapasa, mimi nimeziba mdomo kwa sare ya darasa la tano. Akakaa akashukuru Mungu kwa sauti.

Halafu akasema, "Haya. Sasa nisomee barua za Kimulimuli."

Nikasema barua gani.

"Unadhani mimi kiziwi pia? Tangu mkono wangu uvunjike unaandika pale mezani, kalamu inakwaruza kama panya ana hasira. Na kamba hii ilikatwa na nani, ikarudi na nani? Soma."

Nimesoma zako, mahali fulani nikataka kuruka mistari. "Umeruka hapo," ananiambia, "pumzi yako imebadilika." Nimesoma zote, stoo, wivu, kikao cha pazia. Pale meneja aliposema umelewa alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akakasirika. Alituchambua sote wawili kama mchele. Mimi kwa kuvunja kiapo, wewe kwa kukata bila kuuliza, sisi sote kwa kugombania chumba chake kana kwamba ameshakufa. Na alipochoka akanyoosha mkono akagusa ukuta.

"Hii buluu," akasema, "ni buluu ipi?"

Nikamwambia ni kama sare za shule.

"Uongo. Kimulimuli hawezi kukwangua ukuta mpaka kucha ziishe halafu apake rangi ya sare. Huna macho wewe. Mwandikie aje aniambie mwenyewe."

Basi njoo. Bado nina hasira na wewe, nitakuonyesha ukifika, na najua na wewe ni hivyohivyo, tutaitoa nje kwenye kibaraza mama asisikie, ingawa atasikia. Rafu imebaki, ameipenda, anaweka redio. Kioo nimekigeuzia ukutani.

Ila amesema niandike neno kwa neno, amesimama hapa anasubiri asikie kalamu: "Abishe hodi. Akae atakapoambiwa. Na asiguse kitu."

Dada yako